Kidole Ulichoinua Angani

Mwadi, mwanangu,

Mama yako amefunga kila kitu kinachofungika. Nimeona unga wa bukari, samaki wakavu, blanketi, na ile sufuria ndogo ambayo mimi sijawahi kuruhusiwa kuigusa katika nyumba hii. Ameshakuambia utakavyofunga mlango, nani wa kumsalimia kanisani, na kwamba usipande taxi-moto ya kijana anayeendesha huku akiandika kwenye simu. Upande huo sina la kuongeza, na unajua si kawaida yangu kukosa la kuongeza. Majirani hapa Manika hawakunipa jina la Tata Redio bure. Tofauti yetu ni kwamba redio ina kitufe cha kuzimia.

Ninaandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitaharibu. Nitaanza vizuri, kisha nitakumbuka jambo la zamani, kisha jingine, nawe utaitikia "ndiyo, Tata" kwa upole wako, na basi litaondoka kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni ile siku ya ndege. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu hapo mimi na wewe hatujaizungumza hata mara moja. Nimeizungumza na kila mtu mwingine. Na namna nilivyoizungumza ndiyo niliyokukosea.

Kesho basi lako la Lubumbashi litapita Fungurume. Mkishaacha nyuma ile foleni ya malori ya shaba, utaona kando ya barabara uwazi mrefu wa udongo mwekundu, nyasi zimeanza kuula pembeni. Siku hizi hautumiki sana. Najua utautazama, au utajifanya umelala ili usiutazame. Nataka uwe umesoma barua hii kabla hujafika hapo.

Nitaeleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua. Ulikuwa mtoto, ulikaa kiti cha upande wa kulia, na kuna mengi uliyaona vizuri kuliko mimi. Mengine hukuambiwa.

Kiwanja kile cha ndege hakikuwa na mnara. Watu wanaosafiri kwa ndege kubwa hudhani daima kuna mtu amekaa juu kwenye chumba cha vioo, anawaambia marubani nani ashuke na nani angoje. Pale hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kitambaa cha kuonyesha upepo, mlinzi wa kufukuza mbuzi, na redio zetu wenyewe. Marubani wote tuliokuwa tukienda pale tulisikilizana kwenye wimbi moja. Kila mmoja anajitangaza: niko hapa, natoka huku, sasa nageuka, sasa nashuka. Wengine wakisikia wanajua wampishe wapi. Lakini wimbi lile lilikuwa kama mlango mwembamba wa jikoni, hawapiti wawili. Mmoja akiwa anasema, mwingine lazima angoje. Wakibonyeza pamoja hakuna anayesikika, ni mlio mbaya tu masikioni.

Na sisi watu wa huku unatujua. Hatuwezi kukutana bila kusalimiana, na salamu yetu haiishii kwenye neno moja. Unauliza nyumba, unauliza mama, unauliza watoto mmoja mmoja, unauliza na yule shangazi aliyekuwa akiumwa mguu. Mtu akikutajia habari ya kazi kabla ya hayo, unamwona hakulelewa. Basi tabia hiyo tuliipandisha hadi angani. Kuna rubani mgeni aliwahi kutulalamikia kwamba akikaribia Fungurume anasikia habari za familia zote za Katanga kabla hajajua nani anatua. Tulimcheka sana. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, na nilikuwa nikimwigiza kila tulipokaa pamoja.

Siku ile nilikuwa nimekuchukua Kamina, kwa kambo, bibi yako, likizo imekwisha. Nilikuwa na mzigo wa vipuri wa kushusha Fungurume, kisha tungepanda gari kuja nyumbani Kolwezi. Mkanda ulikuwa umekupita karibu na shingo kwa ufupi wako, na mapajani ulikuwa na kapu lenye kuku ambaye kambo alikuwa amekataa katakata aachwe. Ulikuwa na furaha. Njia nzima ulinionyesha mito kwa kidevu, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika kuku.

Tulipokaribia, nikasikia sauti ya Mzee Ngoie. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi nilipokuwa kijana, aliniita mwanawe, na mke wake alikuwa amelazwa wiki hiyo. Alikuwa amesharuka kutoka kiwanja kilekile, anaenda kaskazini, mbali nasi kabisa. Nikamsalimia. Angekuwa mtu mwingine labda ningefupisha, lakini kwa Mzee Ngoie ningewezaje? Nikauliza hali ya mama. Akasema ameanza kula kidogo, tunashukuru Mungu. Nikauliza kuhusu watoto. Akaanza kunieleza juu ya yule wa mwisho aliyefeli mtihani. Mkono wangu ulikuwa unafanya kazi peke yake, unageuza ndege kuelekea kiwanja, na macho yangu yalikuwa kushoto, kwenye ule udongo mwekundu. Nilipaswa kutangaza: nageuka, nashuka. Sikutangaza. Nilikuwa namuuliza Mzee Ngoie kama mtoto ameadhibiwa.

Kutoka kulia, Trésor alikuwa anakuja. Unamkumbuka Trésor, yule kijana mrefu aliyekuwa akikuletea biskuti. Alikuwa ametoka Lubumbashi na abiria, anashuka moja kwa moja bila kuzunguka. Kazi alijifunza kwangu, kama mimi nilivyojifunza kwa Ngoie. Alikuwa na neno la kusema, kidole kiko kwenye kitufe, na wazee wawili walikuwa mlangoni wanasalimiana.

Wewe uliiona ndege yake. Siku nyingi baadaye ulimwambia mama yako ilivyokuwa, naye akaniambia mimi usiku ule ule, tukiwa gizani, kwa sababu hakutaka nimwone akilia. Ulisema haikuwa inasogea kwenye kioo. Ilikaa palepale, na ilikuwa inakua. Mwanangu, hakuna aliyekufundisha hilo, na ndivyo ilivyo hasa. Ndege inayotembea kwenye kioo chako itapita zake. Ile inayotulia mahali pamoja na kuzidi kuwa kubwa, hiyo mnakutana nayo. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu maneno hayo kila wakati.

Uliiona, na mimi nilikuwa naongea na mtu mzima. Basi ukaliachia kapu la kuku, ukanyoosha mkono, ukainua kidole kama darasani. Ulikuwa unaomba ruhusa.

Sikukiona mara moja. Sijui kilikaa juu muda gani, na hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Nilipokiona nilikasirika. Nakuambia ukweli kama ulivyo, niligeuza kichwa nikukemee, na nyuma ya kidole chako nikaona bawa. Nikaona na kofia ya Trésor, ile nyeupe. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kuku alipiga dari, wewe ulipiga kioo, na ndege ile ikapita chini yetu karibu kiasi kwamba niliona watu ndani wameinua nyuso. Kisha pakawa na mbingu tu, na sauti ya Mzee Ngoie ikiniita, "Mwanangu? Mwanangu, uko?"

Tulitua baada ya Trésor. Ulikuwa na uvimbe kwenye paji la uso, kapu limepasuka, na ulikuwa umemkumbatia kuku. Ningeweza kukukumbatia. Kila kitu kilikuwa pale cha kunifanya nikukumbatie. Badala yake nikakuuliza kwa sauti ya juu, mbele ya mlinzi na mbele ya abiria wa watu:

"Juu ya nini haukusema?"

Ukanitazama. Hukulia. Ukajibu polepole, kama mtu anayetafuta alipokosea kwenye hesabu:

"Ulikuwa unasema na tata Ngoie. Shi ni weye ulitufundisha, bakubwa bakisema mutoto anangoja?"

Ilikuwa kweli. Nilikufundisha hivyo na niliona fahari. Unakumbuka siku bosi wangu alipokuja kula kwetu? Ulikuwa na miaka sita labda, ukaingia katikati ya maneno yake kusema mboga ya sombe inaungua jikoni. Nikakutoa nje kwa sikio. Nikamwomba radhi bosi, nikaendelea kumsikiliza hadi moshi ulipotufikia mezani. Sombe ile tuliila hivyohivyo, nyeusi, na bosi akasema nina mtoto mwenye adabu sana, maana ulikuwa umerudi ukakaa kimya. Nilifurahi kwa sifa hiyo. Nilifurahi wiki nzima.

Trésor naye alinifuata pale kiwanjani. Alikuwa amevua kofia. Alisema jambo moja tu: "Nilikuwa nangoja mumalize, tata." Nami nikamfokea kwamba rubani hangoji, rubani anatangaza. Unaona jinsi nilivyokuwa? Mliningoja wawili siku moja, mmoja ndani ya ndege yangu na mmoja nje, na wote wawili mimi ndiye niliyewafundisha kungoja. Nikawafokea nyote wawili kwa sababu mlinitii.

Kampuni yetu ndogo ya ndege ilipotuita, nilisema Trésor hakujitangaza. Haikuwa uongo. Ila sikusema kwa nini hakujitangaza, wala sikusema kwamba mimi pia sikujitangaza, na Trésor kwa heshima yake hakunitaja. Walimsimamisha. Hakurudi tena kwenye ndege.

Halafu Jumapili ukaja ushuhuda. Hii ndiyo sehemu inayonichoma zaidi, na mama yako anajua. Nilisimama mbele ya kanisa zima la Manika nikaeleza jinsi Mungu alivyonipa macho siku ile. Nilieleza vizuri, unajua ninavyoeleza, mikono ikawa ndege mbili, watu wakashika vichwa. Mama mmoja alizirai, au alijifanya amezirai. Nilitaja bawa, nilitaja kofia, hata kuku nilimtaja na watu wakacheka. Kidole chako sikukitaja. Ulikuwa umekaa benchi la pili na plasta kwenye paji la uso, unanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

Baada ya hapo ulinyamaza. Si siku moja, ulikuwa unapungua kidogo kidogo kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Walimu wakatuambia una akili lakini husemi. Mama yako alisema ni umri. Mimi nilisema ni adabu. Ndani nilikuwa najua ni lile swali langu. Nilikuuliza kwa nini hukusema, kana kwamba kuchelewa kulikuwa kwako, nawe uliamini, kwa sababu nilikuwa Tata na nilikuwa rubani. Mwanangu, wewe ndiye uliyetuokoa. Wewe, mimi, Trésor, na wale watu walioinua nyuso. Mungu hakunipa macho siku ile, alinipa mtoto. Nilipaswa kulitaja hilo kanisani, na nitalitaja, nimeshaongea na pasta. Atashangaa nikimaliza haraka.

Labda utajiuliza kwa nini sasa. Mwezi uliopita nilikwenda Fungurume kwa shughuli nyingine, nikamkuta Trésor kwenye foleni ya malori. Anaendesha lori la shaba. Amenenepa, ana watoto. Nilisimama chini ya mlango wake nikamwomba msamaha pale barabarani, vumbi na honi kila upande, na safari hii sikuanza na salamu. Alishangaa hilo kuliko msamaha wenyewe. Alishuka, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema:

"Mi niliachaka ile maneno zamani, tata. Lakini mutoto, ulimuombaka pardon?"

Nikasema bado. Akatazama chini. Nilirudi Kolwezi na swali hilo, na kila siku niliyokaa nalo nilijidanganya kwamba nangoja nafasi nzuri. Sasa umebaki usiku mmoja. Naomba unisamehe, Mwadi. Siombi uharakishe.

Na kuna jambo jingine, ambalo ndilo linaninyima usingizi zaidi. Umechagua kwenda kusomea kazi ya kulaza watu usingizi wakipasuliwa. Ulipotuambia, mama yako alifurahi kwa sababu ya nguo nyeupe. Mimi nilikaa nikawaza utakapokuwa umekaa. Utakaa kichwani kwa mgonjwa, unasikiliza pumzi yake. Daktari mkubwa atakuwa upande wa pili, mikono ndani, na atakuwa anaongea. Wakubwa huongea wakifanya kazi, nakuhakikishia. Ataeleza safari yake, atauliza habari za nyumbani kwa muuguzi, wote watacheka. Na siku moja wewe peke yako utaona kitu kimetulia mahali pamoja na kinakua.

Siku hiyo sitakuwepo kugeuza kichwa. Nisingependa mgonjwa wa watu alale pale wakati mtoto wangu ameinua kidole, akingoja mkubwa amalize. Sema, Mwadi. Sema katikati ya neno lake. Akikasirika, mwambie ulilelewa vibaya na rubani mmoja wa Kolwezi, anilaumu mimi. Na kama utakuwa umekosea, kama hakukuwa na kitu, utaona aibu mchana mmoja. Aibu ya namna hiyo huisha. Mimi nimewahi kuona aibu nyingi na bado nakula vizuri.

Sijui kama mtu anaweza kukuondolea jambo ambalo yeye mwenyewe amekuwekea. Nimejaribu miaka hii kwa njia za kijinga. Ulidhani nilikuwa napenda kubishana nawe juu ya mpira, wakati mpira huujui wala mimi siujui. Nilikuwa nakuchokoza ili unikatize. Ulikuwa ukitabasamu unaniacha nimalize. Mama yako alinikuta siku moja nimenyamaza ghafla katikati ya sentensi, nikikutazama, naye akadhani nimepata kiharusi.

Mpaka leo mezani. Nilikuwa nawaeleza jinsi Mzee Ngoie alivyotua kwenye shamba la mihogo, hadithi ambayo mnaijua wote kuliko mimi. Nikaona mkono wako kando ya sahani. Kidole kile kile kiliinuka kidogo kutoka kwenye kitambaa cha meza, kikakaa, kisha kikalala tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimaliza hadithi. Niliimaliza hadi kwenye mihogo. Ulipokwenda kulala ndipo nilipokaa chini na karatasi hii.

Barua hii naipitisha chini ya mlango wako usiku huu, na kesho nitaamka kabla yenu. Nitawasha mkaa kwenye mbabula, nitaweka maji ya chai, nitakaa kwenye kile kigoda karibu na mlango. Nitakuwa peke yangu, na nitanyamaza. Hata salamu sitakupa, uniwie radhi kwa hilo, maana nikianza na salamu unajua tutakapofikia. Njoo ukae. Usiinue kidole.

Ulitaka kusema nini?

Tata yako